Garimoshi la Bara Hindi: Panga Usiku Kwanza

Msafiri wa pwani yetu aendaye Bara Hindi kwa tiba, kwa biashara, kwa elimu ya mtoto wake au kwa matembezi tu, aghalabu hushukia Mumbai, na akisha kumaliza shughuli iliyompeleka, ikiwa bado ana wiki mbili tatu za nafasi na fedha kidogo iliyosalia, huanza kujiuliza kama aione nchi hiyo ilivyo au arudi kwao akiwa ameona hospitali, hoteli na barabara ya uwanja wa ndege. Jibu la swali hilo liko kwenye reli. Hakuna chombo kingine kinachoweza kumchukua mtu wa kipato cha wastani kutoka theluji za Himalaya hadi bahari ya kusini, huku amelala, anakula, anazungumza na watu, na asubuhi anaamka mahali ambapo lugha, chakula na herufi za vibao vyote vimekwisha kubadilika. Treni iendayo mbali kuliko zote nchini humo hutoka Dibrugarh katika jimbo la Assam hadi Kanyakumari, ncha ya kusini kabisa, mwendo wa zaidi ya kilomita 4,100 na zaidi ya siku tatu mchana na usiku. Nayo ni zaidi ya mara tatu ya njia ya Dar es Salaam hadi Kigoma.

Reli hiyo ilianza kwa kiasi kidogo sana. Tarehe 16 Aprili 1853 mabehewa 14 yaliyochukua wageni waalikwa wapatao 400 yalivutwa na injini tatu kutoka Bori Bunder, Bombay (Mumbai ya leo), hadi Thane, masafa ya kilomita 34. Miaka arobaini na mitatu baadaye, ilipoanzwa njia ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria mwaka 1896, mafundi na vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka huko huko Bara Hindi, na upana wa reli uliochaguliwa ulikuwa ule wa mita moja uliokuwa ukitumika katika sehemu nyingi za nchi hiyo, maana vyombo na watu wenye kuujua walikuwapo tayari. Leo India imekwisha kuigeuza karibu reli yake yote ya mita moja kuwa reli pana ya milimita 1,676, wakati sisi Afrika Mashariki tungali tunaitumia ya mita moja katika sehemu nyingi. Na huo upana, kama atakavyoona msafiri, ndio unaomwezesha abiria kulala amenyooka ndani ya behewa na bado njia ya kupita watu ikabaki.

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe. Watu wengi wapangapo safari ya namna hii huandika kwanza orodha ya miji: Delhi, Agra, Jaipur, Varanasi, Chennai, kisha huzigawa siku zao kwa miji hiyo, siku mbili huku na tatu kule, na mwisho ndipo hutafuta treni ya kuiunganisha. Kwa rai yangu, huko ni kupanga kinyume. Katika nchi ambayo mji na mji huweza kuachana kwa kilomita mia nane au elfu moja, na ambayo abiria wake ni wengi kuliko vitanda, kitu adimu ni usiku wa kulala ndani ya behewa. Basi panga usiku kwanza. Tafuta ni safari zipi za usiku, maana zipo tatu au nne tu katika safari ya wiki tatu, ambazo zikikosekana safari nzima huanguka. Hizo zikatie tiketi mapema kadiri kanuni inavyoruhusu, na miji iliyomo katikati uiache ijipange yenyewe, kwa treni za mchana ambazo viti vyake si shida kuvipata, au hata kwa basi.

Ili mtu achague usiku wake vyema hana budi kujua atakapolala. Madaraja ya treni za India ni mengi kiasi cha kumfadhaisha mgeni, lakini yanayomhusu ni manne. La juu kabisa, liandikwalo 1A, lina vyumba vyenye milango, vitanda viwili au vinne, nalo ni la wenye nafasi. La pili, 2A, lina vitanda vya ghorofa mbili na mapazia. La tatu, 3A, lina vitanda vya ghorofa tatu na halina mapazia, lakini lina ubaridi wa mashine kama yale mawili ya kwanza, na abiria hupewa shuka mbili, mto na blanketi. La nne, lililozoeleka kwa herufi SL, lina vitanda kama vya 3A ila halina ubaridi wala matandiko, madirisha yake hufunguliwa, na vumbi la njia nzima huingia pamoja na harufu ya mashamba. Chini ya hayo yote yapo mabehewa yasiyo na nafasi za kuwekwa, ambamo mtu huingia kwa nguvu za mabega yake. Hayo mgeni mwenye mizigo ayatazame kwa mbali.

Mimi humshauri mgeni achukue 3A kwa safari ndefu, kwani bei yake si ya kutisha na ndani yake hukaa aila za wastani, waalimu, askari walioko likizoni na wanafunzi. Chumba chake hakina mlango: vitanda sita hutazamana, vitatu huku na vitatu huku, na ng'ambo ya njia ya kupitia vipo viwili vingine vya ubavuni, ambamo mtu mrefu hutoka ameumwa na magoti. Mchana kitanda cha kati hulazwa kikawa cha kuegemea mgongo, na watu watatu hukaa juu ya kile cha chini. Usiku, kwa kanuni kuanzia saa nne, kitanda cha kati huinuliwa na kutundikwa kwa minyororo, na yule wa chini, ambaye mpaka hapo alikuwa mwenyeji wa baraza, hulazimika kujilaza, maana hana tena nafasi ya kuketi wima. Katika mabehewa mengi ya namna hii namba hufuata mtindo mmoja: 1 na 4 ni vya chini, 2 na 5 vya kati, 3 na 6 vya juu, 7 cha ubavuni chini na 8 cha ubavuni juu, kisha hesabu huanza upya. Mgonjwa au mzee aombe cha chini. Kijana, na mwanamke asafiriye peke yake asiyetaka mazungumzo ya wageni, atapata faragha yake kitanda cha juu, ambako hakuna mtu atakayemwambia asogee.

Lililo gumu ni tiketi yenyewe, na hapa inafaa kukaa kidogo. Nafasi za treni za mbali hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, baada ya serikali kuupunguza muhula huo mwezi Novemba 2024 kutoka siku 120. Kwenye njia zenye watu wengi vitanda huisha mapema mno, lakini mauzo hayasimami, kwa sababu shirika la reli huendelea kuuza tiketi za wanaongoja. Mtu hupewa tiketi yenye herufi WL na namba, mfano WL 24, na kila abiria mwenye kitanda anapofuta safari yake, namba hiyo hushuka. Ikishuka vya kutosha huwa RAC, yaani umekwisha kuruhusiwa kupanda, ila umepewa nusu ya kitanda cha ubavuni pamoja na mtu usiyemjua, mkae mmetazamana mpaka mmoja wenu apatiwe chake. Ikishuka zaidi, umepata kitanda kamili. Saa kadhaa kabla ya treni kuondoka orodha hufungwa, na tiketi iliyonunuliwa kwa mtandao ambayo ingali WL hujifuta yenyewe na fedha hurudishwa, baada ya kukatwa ada ndogo. Mwenye tiketi ya namna hiyo haruhusiwi kupanda behewa la vitanda, hata akiwa na machozi.

Wageni wengi huogopa herufi hizo na kukimbilia ndege, nami naona huko ni kukata tamaa mapema, maana Wahindi wenyewe hununua tiketi za kungoja kila siku, wakijua ni ipi ya kutumainiwa na ni ipi ya bure. Siri moja kubwa ni hii: orodha za kungoja hazilingani. Anayenunua kutoka stesheni treni inakoanzia aghalabu huingia orodha kuu, GNWL, ambayo hushuka upesi. Anayeipandia katikati ya njia huweza kutiwa katika fungu dogo, PQWL, lenye vitanda vichache vinavyogombaniwa na stesheni nyingi, na humo namba 8 ni mbaya kuliko namba 30 ya orodha kuu. Kwa hiyo, treni mbili zikielekea mji mmoja, chagua ile inayoanzia hapo ulipo, ijapokuwa inaondoka saa isiyopendeza.

Kwa aliyechelewa ipo milango miwili. Wa kwanza huitwa Tatkal, vitanda vilivyobakizwa ambavyo huuzwa siku moja kabla ya treni kuondoka, kwa nyongeza ya bei: madaraja yenye ubaridi saa nne asubuhi kwa saa ya India, na yasiyo na ubaridi saa tano, navyo, kwenye njia zipendwazo, huisha kwa dakika chache. Wa pili ni wa wageni peke yao. Katika treni nyingi zipitazo miji ya watalii limetengwa fungu dogo la vitanda kwa wenye pasipoti za kigeni, na katika stesheni ya New Delhi, ghorofa ya kwanza, ipo ofisi ya serikali inayoshughulika na watu hao tu. Aendaye huko achukue pasipoti yenyewe, asichukue nakala, wala asimsikilize mtu yeyote nje ya stesheni atakayemwambia kwa upole kwamba ofisi imehamishwa, imeungua au imefungwa kwa sikukuu. Ofisi ipo, iliyo ng'ambo ya barabara ni duka la huyo mpole.

Baada ya tiketi huja stesheni na saa. Mji mkubwa wa India hauna stesheni moja. Mumbai ina ile ya kale iliyojengwa kwa mawe na kuchongwa kama kasri, iliyomalizika katika miaka ya 1880 kwa jina la Malkia Victoria, ambayo leo huitwa Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus na kuhesabiwa miongoni mwa turathi za dunia. Lakini treni za kwenda Delhi na Gujarat nyingi huondokea Mumbai Central au Bandra, na nyingine za kusini huondokea Lokmanya Tilak, mbali na zote hizo. Delhi ina New Delhi, Old Delhi, Hazrat Nizamuddin na Anand Vihar. Kolkata ina Howrah ng'ambo ya mto na Sealdah upande wa pili. Kukosea stesheni ni kukosa treni, maana magari ya njiani hayaendi. Itazame kadhalika namba ya treni, yenye tarakimu tano, kuliko jina lake: 12951 ndiyo iendayo Delhi kutoka Mumbai Central, na 12952 ndiyo irudiyo.

Saa za ratiba huandikwa kwa mtindo wa saa ishirini na nne, na mtego mkubwa umo baada ya saa sita ya usiku. Tiketi ikisema tarehe 15, saa 00:20, maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 15, na abiria anatakiwa awe stesheni tarehe 14 usiku, kabla ya saa sita. Wageni wa Kizungu huangukia humo kila mwaka, wakafika usiku wa tarehe 15 wakiwa wameachwa kwa siku nzima. Mtu wa pwani, aliyelelewa katika hesabu ya siku ianzayo magharibi, akikumbuka tu malezi yake hatapotea. Akumbuke pia kwamba saa ya India imetangulia ya kwetu kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu ndiyo isahauliwayo.

Tuchukue mfano wa mzunguko mmoja, unaoanzia na kuishia Mumbai. Usiku wa kwanza ni wa Bandra hadi Bhuj, katika nchi ya Kutch, na kwa mtu wa Zanzibar, Lamu au Mombasa sidhani kama ipo sehemu ya India inayomhusu zaidi. Huko ndiko walikotoka watu wa namna ya Jairam Shivji na Tharia Topan, waliokuwa na neno kubwa katika forodha na biashara ya Unguja katika karne ya 19. Reli huishia Bhuj kwa anayetaka Mandvi. Mwendo wa saa moja na kitu kwa basi humfikisha kwenye mto wa mji huo, ambako majahazi ya mbao hujengwa ufukoni hadi leo, na mafundi hupanda juu ya mataruma bila ngazi ya maana, wakipiga misumari mirefu kuliko kiganja. Atakayesimama hapo na kuzitazama mbavu za chombo hatahitaji kuelezwa ni kwa njia gani milango ya nakshi na vyakula vya Kihindi vilifika katika mitaa yetu.

Kutoka Kutch hurudiwa Ahmedabad, na kutoka Ahmedabad usiku mwingine huelekea Ajmer, penye kaburi la Khwaja Moinuddin Chishti. Ajmer ni mji mdogo, wenye mteremko na ziwa, na kwa siku za kawaida hupangika vizuri. Lakini urs, maadhimisho ya kila mwaka ya Khwaja huyo, huwa katika siku sita za kwanza za mwezi wa Rajabu, na wakati huo treni zote ziendazo huko hujaa wazuru, kwa hiyo mtu ama azifuate siku hizo kwa makusudi na tiketi mkononi, ama aziepuke kabisa. Kutoka Ajmer hadi Delhi, kupitia Jaipur, ipo treni nzuri ya viti ya mchana, nayo ni mfano wa zile njia nilizosema zisihangaikiwe. Delhi hadi Agra ni chini ya kilomita 200, na treni za kasi huzimaliza kwa muda usiofika saa mbili. Neno moja tu la kuangalia ni kwamba Taj Mahal hufungwa kwa watazamaji kila Ijumaa.

Usiku mgumu wa mzunguko huu ni wa kuteremka kusini. Agra hadi Chennai ni saa zaidi ya thelathini, na wapo watakaosema kwamba huo ni wazimu wakati ndege ipo. Ninaukubali ubishi wao kwa mgonjwa. Kwa mzima siukubali, kwani katika hizo saa thelathini ngano hugeuka kuwa mpunga, chai hugeuka kuwa kahawa ya maziwa, na yule mchuuzi aliyekuwa akiita chai yake kwa Kihindi tangu alfajiri hushuka na kupokewa na mwenzake asemaye lugha nyingine kabisa. Wanaokwenda Vellore kwa matibabu, nao si wachache kutoka kwetu, wajue kwamba stesheni yao huitwa Katpadi, si Vellore, na kwa kulikosa jina hilo kwenye ratiba wengi hudhani hakuna treni. Kutoka Chennai usiku mmoja hufikisha Kerala, na kutoka Kerala hurudiwa Mumbai kwa reli ya Konkan, iliyokamilika mwaka 1998, takriban kilomita 740 kati ya milima na bahari, yenye mahandaki zaidi ya 90. Hiyo ifanywe mchana kadiri iwezekanavyo. Minazi, mito na mikoko inayopita dirishani humo humfanya mtu wa Tanga aone amefika kwao kabla ya wakati.

Majira yana hukumu yake. Desemba na Januari ukungu wa kaskazini huzichelewesha treni saa tatu, saa sita, na pengine zaidi, kwa hiyo mwenye kuunganisha treni mbili Delhi katika miezi hiyo aweke usiku mzima katikati yake. Masika ya huko, kuanzia Juni hadi Septemba, hubadilisha ratiba ya Konkan, kwani treni huamriwa kwenda polepole kwa hofu ya maporomoko. Diwali nayo, na siku zinazofuata, huhamisha watu wa miji mizima kurudi makwao. Wakati huo hata Tatkal ni bahati nasibu. Mtu huru wa kuchagua aende Februari au mwanzo wa Machi.

Kuhusu mahitaji ya njiani sina maneno mengi. Chini ya vitanda mna pete za chuma za kufungia mizigo. Mnyororo na kufuli huuzwa na wachuuzi kwenye majukwaa, na wenyeji wote hufunga, kwa hiyo kufunga si kumtuhumu mtu. Chakula hakikosekani, na asiyejua nyama imechinjwa vipi huagiza cha mboga, ambacho India hupikwa na watu wanaokijua. Aswaliye ana rukhsa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya, na kitanda cha juu humtosha akiwa ameketi. Makka iko magharibi, lakini treni haishiki upande mmoja, na simu yenye dira humsaidia. Msafiri atafunuliwa bakuli na jirani kabla ya kufika stesheni ya tatu, na ataulizwa kazi yake, mshahara wake na idadi ya watoto wake, kwa nia njema kabisa. Asipotaka kujibu, alale.

Usiku wa mwisho wa mpango wote usiwe ndani ya treni. Ndege ya kurudi ikiwa ni ya Jumapili, ingia Mumbai Ijumaa, au Jumamosi asubuhi kwa uchache, maana treni iliyochelewa saa nane haina habari na tiketi yako ya ndege. Na utakapotoka Lokmanya Tilak na mizigo yako, usijaribu treni za mjini kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Keti kwenye chumba cha kungojea, kunywa chai, na uingie mjini umati ukisha kupungua.